Kuchemsha Hakuondoi Risasi: Somo la Maji ya Bomba kwa Tuliopanga Nyumba za Zamani

Katika toleo hili sina siasa wala mpira. Nataka tuzungumze habari ya maji, haya haya ya bomba tunayoyanywa kila siku huku Marekani. Kuna jambo nilikuwa ninalielewa nusu tu, na ile nusu nyingine ilikuwa inamhusu mwanangu mchanga.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe alikuja kutoka Usa River, karibu na Arusha, kumsaidia mwenzangu. Siku ya kwanza tu jikoni akaniona nakinga maji ya moto kwenye koki, naweka maziwa ya unga kwenye chupa, natikisa. Akashika mdomo. "Baba Neema, mnampa mtoto maji mabichi?" Nikamweleza kwamba maji ya huku yanasafishwa, yanawekwa dawa, watu wote wanakunywa hivyo hivyo. Hakuridhika, na kusema kweli sikutaka kubishana na mkwe. Tangu siku hiyo birika halikupoa. Mama anachemsha, yanatokota, anayaacha yatokote tena "mpaka yajue kwamba yamechemka". Nikajisemea moyoni, haidhuru, tahadhari kabla ya hatari.

Baada ya wiki chache nikakuta karatasi mlangoni kutoka idara ya maji ya mji. Ilisema watabadilisha bomba kuu la mtaa wetu, na kwamba kwa kumbukumbu zao bomba linaloingia nyumbani kwetu huenda ni la risasi. Chini, kwa herufi nzito, waliandika kuwa kuchemsha maji hakuondoi risasi. Nikasoma mara mbili. Nikageuka, nikaliangalia birika linavyotoa mvuke.

1. Maadui wa aina mbili

Wengi wetu tumelelewa na adui mmoja wa maji: vijidudu. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuwa maji ya kunywa yachemshwe na yachujwe. Somo lile ni la kweli kabisa, na hata huku linatumika. Aprili 1993 mji wa Milwaukee, Wisconsin, ulipatwa na kijidudu kiitwacho Cryptosporidium, kilichopenya mtambo wa kusafishia maji. Kijidudu hicho hakifi kirahisi kwa klorini. Inakadiriwa watu 403,000 waliugua. Wakazi waliambiwa wachemshe maji, na ilikuwa sahihi, maana moto unakiua. Mpaka leo, mji wako ukitoa tangazo la kuchemsha maji, chemsha: yakishatokota sawasawa dakika 1 inatosha, na ukiwa mahali palipo juu kupita mita 2,000, dakika 3.

Adui wa pili hana uhai. Ni madini na kemikali: risasi, aseniki, naitreti, floraidi. Kitu kisicho na uhai hukiui kwa moto. Kibaya zaidi, ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke lakini madini yanabaki ndani ya sufuria. Chukua mfano. Lita 2 za maji zenye mikrogramu 10 za risasi kwa kila lita zina jumla ya mikrogramu 20. Ukiyachemsha mpaka ibaki lita 1, zile mikrogramu 20 zote zimo ndani ya lita hiyo moja. Kiwango kimekuwa maradufu. Kwa hiyo kama risasi ilikuwemo, mama mkwe wangu kwa mapenzi yake yote alikuwa anamkolezea mjukuu wake, na mimi niliyekinga maji ya moto kwenye koki nilikuwa nimetangulia kukosea. Hilo la maji ya moto nitalieleza mbele.

Nilipojaribu kumweleza mama, mwanzo alikataa. Basi nikamkumbusha kwao. Ukanda ule wa mlima Meru, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Tanzania na Kenya, maji yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Watu wanakunywa maji meupe, wengine wanayachemsha maisha yao yote, na bado meno yanakuwa ya kahawia. Kikizidi sana na mifupa nayo huharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Pale Ngurdoto, karibu na kwao mama, kuna kituo cha utafiti wa kuipunguza, na njia waliyoishughulikia ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Moto peke yake haufui dafu.

Mama akanyamaza kidogo, akapitisha ulimi kwenye meno yake. Halafu akasema, "Kumbe ni mambo yale yale ya maji ya kwetu." Ndiyo, mama. Ndiyo hayo hayo, ila dawa yake ni nyingine.

2. Risasi inaingilia wapi?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani maji machafu yanatoka machafu huko mtamboni. Kwa risasi si hivyo. Kwa kawaida maji yakitoka mtamboni hayana risasi ya kutajika. Yanaipata njiani, na mara nyingi katika zile mita chache za mwisho: bomba linalotoka barabarani kuingia nyumbani, lehemu iliyounganisha mabomba ya shaba, na koki zenyewe za zamani. Marekani ilipiga marufuku mabomba na lehemu za risasi kwenye maji ya kunywa mwaka 1986, lakini yaliyokwisha kufukiwa hayakufukuliwa siku hiyo. Na sisi wanafunzi tunapanga wapi? Nyumba kuukuu za mbao karibu na chuo, kodi nafuu, mabomba ya enzi za babu zao.

Halafu msidanganyike na ile karatasi ya risasi tunayosaini siku ya kupanga nyumba iliyojengwa kabla ya 1978. Ile inahusu rangi ya kuta. Ukiisaini hujaambiwa lolote la uhakika juu ya bomba.

Sasa kwa nini watu wote wenye mabomba hayo hawaugui? Kwa sababu ya utando. Idara nyingi za maji huongeza fosfeti kidogo kwenye maji. Fosfeti inashikana na risasi ya bomba na kufanya ngozi nyembamba ndani yake isiyoyeyuka kirahisi. Utando ukiwa mzima, bomba la risasi linaweza kukaa miaka na maji yakasoma kidogo. Maji yakibadilika, utando unalika. Mji wa Washington, DC, ulibadilisha dawa ya maji mwaka 2000, ukaacha klorini ya kawaida na kutumia kloramini, kwa nia njema ya kupunguza kemikali nyingine. Risasi ikapanda katika maelfu ya nyumba, na wananchi wengi hawakujua mpaka magazeti yalipoandika mwaka 2004.

Risasi ndani ya maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inaharibu zaidi ubongo wa mtoto unaokua: kujifunza, kutulia, kukumbuka. Wataalamu wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, linaeleza kwamba mtoto anayelishwa maziwa ya unga anaweza kupata asilimia 40 mpaka 60 ya risasi yote inayomwingia kutoka kwenye maji. Fikirini: chakula chake chote kimekorogwa kwa maji.

3. Flint, na kazi ya wanafunzi

Kisa cha Flint, Michigan, wengi mmekisikia. Nakirudia kwa sababu ndani yake mna somo zima la kupima maji.

Tarehe 25 Aprili 2014, kwa ajili ya kubana matumizi, mji uliacha kununua maji kutoka Detroit ukaanza kutumia maji ya mto Flint. Maji ya mto yalikuwa yanakula chuma zaidi, na fosfeti haikuwekwa. Agosti na Septemba 2014 wakazi walitangaziwa wachemshe maji kwa sababu ya bakteria. Wakachemsha. Oktoba kiwanda cha injini cha General Motors kikaacha kutumia maji hayo kwa kuwa yalikuwa yanaozesha vyuma. Jamani, injini ikapata maji mengine, watoto wakaendelea kunywa yale yale.

Mwanzoni mwa 2015 mama mmoja mkazi, LeeAnne Walters, alidai maji ya nyumbani kwake yapimwe. Yakasoma 104, kisha 397. Hizo ni sehemu za risasi katika sehemu bilioni za maji. Kiwango cha serikali cha kuchukua hatua kilikuwa 15. Mabomba ya ndani ya nyumba yake yalikuwa ya plastiki, kwa hiyo risasi ilikuwa inatoka kwenye bomba la kutoka barabarani. Profesa Marc Edwards wa Virginia Tech, yule yule aliyechunguza maji ya Washington, alipopima sampuli zaidi za nyumba hiyo, moja ilipita 13,000.

Hapo ndipo wanafunzi walipoingia. Kundi la Virginia Tech, wengi wao wanafunzi kama sisi, walifunga vifurushi 300 vya chupa wakavipeleka kwa wakazi wa Flint. Kila kifurushi kilikuwa na chupa tatu: ya maji ya kwanza kabisa, ya baada ya sekunde 45, na ya baada ya dakika 2. Zaidi ya vifurushi 250 vilirudi. Majibu yalipotangazwa Septemba 2015, hesabu ya serikali iliyosema mji umefaulu haikusimama tena. Mwezi huo huo daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akaonyesha kuwa watoto wadogo wenye risasi nyingi kwenye damu wameongezeka karibu maradufu. Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Mwaka 2021 mahakama iliidhinisha fidia ya dola milioni 626. Pesa hizo hazimrudishii mtoto alichopoteza.

4. Jinsi ya kusoma ripoti ya maji ya mji wako

Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai, idara ya maji inapaswa kutoa ripoti ya ubora wa maji kwa wateja. Aliyepanga mara nyingi haletewi, maana bili ni ya mwenye nyumba, lakini mkipiga simu mtaipata. Someni hivi.

Kwanza angalia vipimo. Herufi "ppm" ni miligramu kwa lita, yaani sehemu moja katika milioni. Herufi "ppb" ni mikrogramu kwa lita, sehemu moja katika bilioni, kama sekunde moja ndani ya miaka 32 hivi. Usichanganye, zinatofautiana mara elfu.

Pili, angalia kiwango kilichopatikana na mpaka wake. Aseniki mpaka wake ni ppb 10. Naitreti, ambayo inatoka sana kwenye mbolea za mashambani na ni hatari kwa mtoto mchanga, mpaka ni ppm 10. Vitu hivi hupimwa maji yanapotoka mtamboni, na maji ya mtamboni ndiyo maji yako.

Tatu, nenda kwenye mstari wa "Lead", ndiyo risasi yetu, na hapo simama. Risasi haipimwi mtamboni. Inapimwa kwenye koki za nyumba chache zilizochaguliwa, halafu inatolewa namba moja iitwayo "90th percentile". Panga matokeo ya nyumba 100 kutoka dogo hadi kubwa, kama majina ya darasa kwa alama. Namba ya nyumba ya 90 ndiyo inayoandikwa. Ikiwa ni 15 au chini yake, mji haulazimiki kuchukua hatua. Nyumba 10 zilizobaki juu zinaweza kusoma 20, 50 au 300, na ripoti isitaje.

Huko Flint mwaka 2015 zilihesabiwa sampuli 71. Ofisi ya mazingira ya jimbo ikaziondoa mbili, mojawapo ya nyumba ya mama Walters. Namba iliyokuwa imepita 15 ikashuka mpaka 11. Chupa mbili tu zilitosha kubadilisha jibu la mji mzima. Mwaka 2024 EPA ilitoa kanuni mpya iliyopanga kushusha 15 hadi 10 kuanzia 2027 na kuondoa mabomba ya risasi ndani ya miaka 10. Ni hatua njema, lakini hesabu bado ni ya mji. Ripoti ya mji si ripoti ya koki yako.

5. Pima koki yako

Anza na bomba. Shuka chini ya nyumba, tafuta bomba linaloingilia ukutani karibu na mita. Likwaruze kidogo kwa ufunguo, kisha gusisha sumaku. Likiwa laini, la kijivu, linang'aa kama fedha ulipokwaruza na sumaku haishiki, hilo ni risasi. Likiwa na rangi ya senti ya Marekani, ni shaba. Sumaku ikinata, ni chuma.

Halafu chukua sampuli. Piga simu idara ya maji. Miji mingi inapima bure au kwa bei ndogo, na wasipopima watakuelekeza kwenye maabara iliyothibitishwa na jimbo. Wakikupa chupa, fuata utaratibu huu:

- Maji yalale ndani ya mabomba saa 6 au zaidi. Usiku unafaa. Asubuhi mtu yeyote asioge, asivute maji ya choo, asifue kabla yako.
- Tumia koki ya jikoni, maji ya baridi. Usifungue kichujio kidogo cha mdomoni mwa koki wala usikisafishe kwa ajili ya kipimo.
- Kinga lita ya kwanza kabisa, usimwage hata tone. Baadhi ya miji iliwahi kuwaambia watu wayaache yatiririke usiku kabla ya kupima. Hapo unasafisha bomba kwanza, na kipimo kinadanganya.
- Ukiweza kulipia chupa ya pili, ikinge baada ya maji kutiririka dakika chache.

Majibu unayasoma hivi. Tuseme ya kwanza imesoma 22 na ya pili 3. Risasi huenda inatoka karibu, kwenye koki au lehemu ya ndani. Tuseme ya kwanza imesoma 5 na ya pili 30. Hapo shaka inahamia kwenye bomba la kutoka barabarani, na kumwaga maji kidogo asubuhi kunaweza kukuletea maji mabaya zaidi. Na jibu moja safi si hati ya maisha. Risasi hubanduka vipande vipande, hasa baada ya mafundi kuchimba mtaani.

6. Wakati unasubiri majibu

Kunywa na kupika kwa maji ya koki ya baridi tu. Maji ya moto huyeyusha risasi zaidi, na yamelala kwenye tangi. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Ukitaka ya moto, kinga ya baridi upashe.

Nunua chujio lililothibitishwa kwa risasi. Tazama kwenye boksi alama ya NSF/ANSI 53 na neno "lead" limeandikwa waziwazi. Majagi mengine yanaondoa harufu ya klorini tu, maji yanakuwa matamu na risasi inabaki pale pale. Badilisha kichungi kwa wakati, na usipitishe maji ya moto.

Fungua kile kichujio cha mdomoni mwa koki mara kwa mara ukisuuze, maana vipande vinanasa humo. Na kama una mtoto mdogo, mwombe daktari wake ampime risasi kwenye damu. Ni tone la damu tu. Usione haya kwa sababu wewe ni mgeni au mwanafunzi, wanapimwa watoto wengi.

Sisi tulipima. Chupa ya kwanza ilipita kiwango. Mwenye nyumba alianza kwa kusema nyumba hii watu wameishi miaka 80 na hawajafa. Nilimpelekea nakala ya majibu kwa maandishi, nikapeleka na nyingine idara ya maji, wakatuweka kwenye orodha ya kubadilishiwa bomba. Neema alipimwa damu, daktari akasema tuendelee kumwangalia na tumrudishe baada ya miezi 3. Aliporudi, alikuwa vizuri. Ila ile miezi 3 sitaisahau.

Mama mkwe amesharudi Usa River. Kabla ya kuondoka alikuwa na utaratibu wake mpya: maji ya baridi, chujio, ndipo birika. Kuchemsha hakukuacha, na sikumwambia aache. Maji yakishachujwa risasi, kuchemsha hakuna ubaya, na bibi naye analala usingizi.

Kwenye mkutano wetu wa mwezi ujao nitakuja na sumaku na ile ripoti ya mji. Anayekaa nyumba ya zamani aje na anwani yake tuitafute pamoja kwenye kumbukumbu za idara ya maji, na mwenye mtoto mdogo awe wa kwanza.